Mkono Uliofungua Maji

Watu wanaolala mahabusu ya Korogwe huomba vitu vinavyojulikana: maji ya kunywa, simu, ndugu wa kuwawekea dhamana. Elisha aliomba kompyuta yake. Inspekta Asnath alidhani hakusikia vizuri, akasogea karibu na nondo, na kijana akarudia ombi lake kwa adabu ileile.

"Hicho ni kielelezo," alisema Afande Gerald, mkuu wa upelelezi wa wilaya, ombi lilipomfikia. "Umeona wapi mtuhumiwa anapewa kielelezo akichezee?"

Kwa Gerald kesi ilikuwa imeshaiva. Alitaka jalada liwe mezani kwa mwendesha mashtaka jioni hiyo, na kesho yake Elisha apandishwe kizimbani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Asnath alimwomba mchana mmoja tu. Gerald alimtazama, akasema auchukue huo mchana, ila jioni asije na hadithi.

Kesi yenyewe ilielezeka kwa maneno machache, na hilo ndilo lililomkera Asnath. Huko Kwashemshi wanakijiji walikuwa na mtambo mdogo wa umeme wa maji. Maji yalikingwa kwenye tangi juu ya kilima, yakapita kwenye lango la chuma, yakateremka kwa bomba refu hadi kibanda cha turbini bondeni. Yordani, mwangalizi wa mtambo, alikutwa amekufa ndani ya turbini, amebanwa chini ya mapanga yake, siku ileile aliyozikwa baba mkwe wake, mzee Simeo. Pini inayolishikilia lango ilikutwa imekatika. Mwenyekiti wa kijiji, Mustapha, alieleza kwamba lango liliruka lenyewe kwa nguvu ya maji wakati Yordani yumo ndani anasafisha majani. Na aliyechora lango na turbini alikuwa Elisha, mhandisi kijana mwenye karakana mjini Handeni. Pini mbovu, mchoro mbovu, mtu kafa. Jalada la namna hiyo hujifunga lenyewe, na Asnath hakuwa na imani na majalada yanayojifunga yenyewe.

Alimtoa Elisha mahabusu, akamketisha ofisini kwake, Konstebo Catherine akisimama mlangoni.

"Sheria ya mtambo wako ni ipi mtu akitaka kuingia ndani?"

"Anafunga lango kwanza. Halafu anachomoa mpini wa usukani wa lango, anaingia nao ndani. Ukiwa na mpini hakuna wa kukufungulia maji."

"Yordani aliijua hiyo sheria?"

"Afande, Yordani alikuwa akinikumbusha mimi."

Mpini ulikutwa juu kilimani, umechomekwa kwenye usukani. Gerald aliuita uzembe wa marehemu. Lakini wote waliomfahamu Yordani walisema jambo moja, kwamba alikuwa mtu wa kurudi kuhakikisha amefunga hata banda la kuku. Mtu wa aina hiyo haachi mpini nyuma na kuingia chini ya mapanga ya chuma.

"Sasa hiyo kompyuta itaniambia nini nisichokiona kwa macho?"

Elisha alieleza taratibu, kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo. Turbini nzima, na bomba lake, na shimo la kutolea maji, alivichora humo kabla hajakata chuma chochote. Nafasi yote ambamo maji hupita aliikata vipande vidogo sana, na kila kipande kompyuta ilikipigia hesabu: maji yanaingia kwa kasi gani, yanatoka kuelekea wapi, yanasukuma kwa nguvu gani. Inarudia na kurudia mpaka hesabu zitulie. Hivyo ndivyo alivyopata mkunjo wa mapanga, kwa kujaribu maji ya uongo badala ya kuharibu vyuma vya kweli.

"Nitafanya mara mbili," alisema. "Ya kwanza, lango linaruka ghafla kama wanavyodai. Ya pili, linafunguliwa polepole kwa mkono. Maji hayo mawili hayana tabia moja. Kitu kinachoelea, haya yatakipeleka huku na yale kule. Kuna chochote mlichokiokota pale chini?"

Kilikuwepo. Brashi ya mti ya Yordani, na kandambili alizovua kabla ya kutambaa ndani.

"Kipo," alisema Asnath. "Kilikutwa wapi, sikuambii. Wewe ndiye utakayeniambia."

Elisha alicheka kwa mara ya kwanza tangu akamatwe. Alisema huo ni mtihani wa haki, akavuta kompyuta, akauliza kina cha maji tangini siku ile. Asnath alimpa kipimo cha alama ya matope waliyoikuta ukutani. Kisha akamwonya Catherine asimwache Elisha peke yake, asimruhusu kugusa kitu kingine chochote, na akaenda zake.

Kabla ya hapo alikuwa ameshamfuata mtu mwingine kwa siku kadhaa bila faida. Twaha, mkulima wa mpunga bondeni, aliwahi kugombana na Yordani mbele ya watu kuhusu maji ya mashamba, na aliapa kwamba turbini ile itamtokea mtu puani. Maneno mazuri sana kwa mpelelezi. Bahati mbaya, siku ya kifo Twaha alikuwa Segera anauza machungwa kwenye mabasi, na nusu ya wachuuzi wa pale walimkumbuka kwa sababu aligombana nao pia.

Nje, kwenye benchi la kaunta, mama yake Elisha alikuwa amekaa na hotpoti mapajani. Mama Filomena alikuja kila siku na chakula. Babu yake aliletwa kutoka Unyamwezini kukata mkonge, na yeye alizaliwa katika kambi za mashamba yale, akazeekea Korogwe. Asnath alimwamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba, kisha akamgeukia Sajini Deogratius, Mzigua wa Handeni, aliyekuwa akitafuta funguo za gari.

"Wewe Mzigua, wali wa mwanangu ukipungua najua pa kuutafuta."

"Mama, wali wa Wanyamwezi nani aule? Una mchanga."

Walicheka wote wawili, maana Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za misafara, na utani hauzuiwi na kaunta ya polisi. Kisha mama akamshika Asnath mkono na kumwuliza kwa sauti ya chini kama mwanawe atatoka. Asnath alisema anajaribu. Alimhurumia, na hakupenda kuonyesha.

* * *

Kibanda cha turbini kilikuwa mahali pa baridi hata jua likiwa utosini. Asnath alianza juu, kwenye tangi. Lango lilikuwa limefungwa kwa pini mpya iliyochongwa karakana ya Handeni. Aliuchomoa mpini, akauchomeka kwenye mkanda wake, akateremka na Deogratius kwa njia inayofuata bomba. Ilikuwa njia ndefu yenye migomba pande zote, na walipofika nusu, tangi halikuonekana tena. Aliyesimama langoni hakuweza kumwona wa kibandani, wala wa kibandani hakuweza kumwona wa langoni.

"Nataka kuingia," alisema.

Deogratius alimtazama bosi wake, akatazama tundu. Chini ya sakafu kulikuwa na shimo la kutolea maji, na kutoka humo mfereji mwembamba uliingia chini ya turbini. Yordani alizoea kutambaa humo kwa tumbo hadi kwenye mapanga, akakwangua majani yaliyonasa, akarudi kinyumenyume. Nafasi ya kugeuka haikuwepo.

Asnath alivua viatu. Alipofika katikati, mabega yake yaligusa zege kulia na kushoto, na bolti moja ikanasa sare yake mgongoni. Alijaribu kurudi, sare ikavutika na kukaza. Alijaribu kwenda mbele, paji la uso likagonga upanga wa chuma. Mahali fulani juu yake tone la maji lilidondoka, likafuatwa na jingine. Alijua lango limefungwa na mpini anao mwenyewe kiunoni, na hata hivyo aliogopa, akaogopa sana, akamwita Deogratius kwa nguvu zake zote.

Deogratius hakuja. Asnath alijituliza, akapumua, akapeleka mkono mmoja nyuma hadi akaichana sare kutoka kwenye bolti, akarudi kinyumenyume polepole mpaka akahisi hewa miguuni. Alimkuta Sajini amesimama palepale shimoni, hatua chache tu.

"Umenisikia nikikuita?"

"Umeniita, afande?"

Asnath alikaa kwenye ngazi ya zege na kuvaa viatu vyake. Kona ya kulia ya shimo, chini ya ngazi hiyo hiyo, ndipo brashi na kandambili zilipookotwa. Aliitazama ile kona muda mrefu.

Mustapha, mwenyekiti, aliitwa. Alikuja na kanzu yake na maelezo yake yaleyale: mazishi yalikwisha, watu wakawa wanakula, msemaji wa familia anashukuru kwa kipaza sauti, mara umeme ukakatika. Walipokuja kutazama wakakuta maafa.

"Umeme ulikatika kwa sababu gani?"

"Si lango liliruka, afande."

"Lango likiruka, maji yanaongezeka au yanapungua?"

Mustapha alianza kujibu, akaacha. Asnath alimsaidia kumaliza. Lango lililofunguka huleta maji, na maji huleta umeme. Umeme ukikatika ni kwamba lango limefungwa. Kwa hiyo lilifungwa kwanza, spika zikanyamaza, Yordani akaingia ndani kwa kuwa mtambo umesimama. Angelifunga yeye, mpini angekuwa nao. Mpini ulibaki juu, basi kuna mtu mwingine aliyefunga, na kuna mkono uliofungua.

"Nani alifunga, mwenyekiti?"

Mustapha alisema ana kikao cha kamati, na akaomba ruhusa ya kuondoka. Miaka yote ya kazi, Asnath alikuwa ameona watu wakinyamaza kwa hofu na kwa hongo. Ukimya huu haukuwa wa namna hiyo. Ulikuwa ukimya wa heshima, na kijiji kizima kilikuwa ndani yake.

Walimkuta Raheli, mjane wa Yordani, nyumbani kwa marehemu baba yake, amekaa juu ya mkeka na kanga nyeusi. Asnath alimpa pole kwa misiba yote miwili. Aliuliza swali lake kwa upole, na mjane akatazama chini. Aliuliza tena. Ndipo Deogratius, aliyekuwa amechuchumaa pembeni kwa adabu, alipokohoa.

"Dada yangu," alisema. "Mzee Simeo alikuwa mtu wa Sindeni, Mzigua mwenzangu. Msiba wake haukukosa watani."

Raheli alianza kulia bila sauti.

"Walikuja," alisema hatimaye. "Walilala kaburini wakakataa kutoka, wakaficha majembe, tukacheka wote. Baba angefurahi. Halafu watu wanakula, spika ikazima. Mtani akaja uani anazunguka na kusema, Wazigua nimewafungia taa, hamzioni tena mpaka nipewe kuku. Alimchukulia Yordani mpini pale kibandani, mbele ya macho yake, Yordani mwenyewe anacheka."

Kwa hiyo Yordani alijua mpini uko kwa nani. Alijua pia kwamba mtani harudishi kitu mpaka apewe chake, na kwamba familia hupenda kumzungusha mtani kabla ya kumpa. Aliona ana wakati wa kutosha kukwangua majani. Hakuna aliyemfuata kumwambia kuku ametolewa.

"Nani alimpa kuku?" aliuliza Asnath.

"Mimi," alisema Raheli. "Nilimkamata mwenyewe, nikamkabidhi, nikamwambia haya mtani, kafungue, watu wako gizani. Akaenda kufungua, akapitiliza kwa njia ya juu kwenda barabarani na kuku wake. Umeme haukurudi, kumbe mapanga yamekwama. Tukadhani bado anatutania. Tulipomwona mume wangu, vijana wakakimbilia lango kulifunga, wakauvuta usukani kwa nguvu, pini ikakatika mikononi mwao. Yeye mpaka leo hajui. Aliambiwa lango liliruka lenyewe baada ya yeye kuondoka."

"Na ninyi mkaacha mhandisi akae ndani."

"Ningesemaje, afande? Mtani hashitakiwi kwa la msibani. Baba yangu angenigeukia kaburini. Na ningesema nani kamtuma? Si mimi?"

Asnath alifungua daftari lake. Aliuliza tu jina la mtani huyo, kwa kuwa kazi yake ilimtaka aulize. Raheli alilitaja. Deogratius alisimama ghafla, akatoka nje, akaenda kusimama karibu na gari.

* * *

Jua lilikuwa bado juu ya mkonge walipofika kituoni, na Catherine aliwapokea mlangoni akiwa na uso wa mtu aliyevunja chombo cha watu.

Alieleza mwenyewe kabla ya kuulizwa. Baada ya adhuhuri hesabu zilitulia. Elisha aliruka kutoka kitini kwa furaha, akamwita aone. Lango likiruka ghafla, brashi na kandambili vinasombwa moja kwa moja mpaka mtoni. Lango likifunguliwa polepole sana, nusu mzunguko, likaachwa, nusu tena, maji yanazunguka shimoni na kuvisukumia kona ya kulia chini ya ngazi. Akamwuliza Catherine viliokotwa wapi.

"Nikamwambia, afande. Nisamehe. Nilidhani nampa habari njema." Catherine alifuta macho. "Alifurahi dakika moja tu. Halafu akatazama picha ya pili tena, ile ya polepole, akafunga kompyuta. Tangu hapo hajasema neno, na chakula hajagusa."

Asnath aliingia, akafunga mlango nyuma yake. Elisha alikuwa ameweka mikono juu ya kompyuta iliyofungwa.

"Kompyuta haikuona tofauti, afande. Andika kosa ni la mchoro wangu."

"Mchana wewe ulikuwa unaruka kwa furaha."

"Nilikuwa nimekosea hesabu."

Asnath alivuta kiti, akakaa mbele yake. Alisema kwamba mtu wa kawaida akitaka kurudisha umeme, watu wanasubiri, atauzungusha ule usukani wote kwa pupa. Anayefungua nusu, akasubiri, akafungua nusu tena, huyo amefundishwa.

"Uliwafundisha akina nani, Elisha?"

"Yordani."

"Na nani mwingine?"

Kijana aliisogeza kompyuta kando. Alipoongea, alimtazama Asnath usoni.

"Siku ya uzinduzi nilitaka afungue yeye, kwa kuwa ndiye aliyenisomesha. Nilisimama nyuma yake, nikamshika mikono. Nusu, mama. Subiri. Nusu tena. Maji yasishtuke. Aliishika kuliko hata Yordani." Akagusa kifuniko cha kompyuta. "Nilipoiona ile picha, afande, niliijua ile mikono."

"Hakukusudia. Sheria inalitazama hilo."

"Sheria sijaitaja. Mimi nikifungwa, ipo siku nitatoka. Yeye akijua, atatokea wapi? Yordani alikuwa anamwita mama. Niandike mimi. Kosa la hesabu linasameheka, watu watasema kijana alisoma vibaya, basi."

"Siwezi kuandika lango liliruka nikijua halikuruka."

"Basi niache humu humu."

Asnath alitamani kumwacha, na alishangaa jinsi alivyotamani. Jalada lilikuwa tayari, mkuu wake alikuwa radhi, kijiji kilikuwa radhi, mjane alikuwa radhi, na mtuhumiwa mwenyewe alikuwa akiomba. Mtu pekee ambaye hakuulizwa alikuwa nje kwenye benchi. Aliinua simu, akamweleza Gerald kwamba pini ilikatika baada ya kifo na mashahidi wapo. Gerald aliguna, akauliza nani basi aliyefungua. Asnath alisema atamletea maelezo kamili kabla ya jioni, akakata.

Alisimama, akafungua mlango wa ofisi. Elisha hakuinuka. Alikaa na kuushika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, na Asnath hakumwamuru.

Mama Filomena aliona mlango wazi na mwanawe amekaa bila pingu. Aliacha kila kitu benchini, akaja mbio kadiri magoti yake yalivyomruhusu, akampita Deogratius bila kumtania, akapiga kigelegele kimoja ambacho kilifika hadi mahabusu. Alimkumbatia Elisha kichwa. Kisha akamgeukia Asnath, akataka kupiga magoti, na Asnath akamdaka mikono yote miwili na kumzuia. Ilikuwa mikono mikavu, yenye nguvu, yenye makovu ya miiba ya mkonge.

"Mungu akubariki, mwanangu. Kwa hiyo lango halikuruka?"

"Halikuruka, mama."

"Nilisema mimi. Mwanangu hachori kitu kibovu." Machozi yalikuwa yakimtiririka na alikuwa akitabasamu. "Sasa ni nani aliyemfungulia maji mtoto wa watu? Mmempata?"

"Mama, twende nyumbani," alisema Elisha.

"Wewe ngoja. Mtu ameua, ameacha mwanangu alale sakafuni wiki nzima, halafu anakula na kulala kwake kama kawaida? Mkamateni, afande. Hata akiwa nani, msimwonee huruma."

Asnath alikuwa bado amemshika mikono. Alimwongoza taratibu mpaka kwenye kiti chake mwenyewe nyuma ya meza, akamwomba akae kwanza.